Njia ya 'laiti' kutoka Embu hadi Meru

Msomaji, safari ya kutoka Embu kwenda Meru ni safari ya mabonde. Barabara inazunguka ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya, na kila baada ya kitambo inatumbukia mtoni, inavuka, kisha inapanda tena kwa kuguna upande wa pili. Thuci, Nithi, Mutonga, Thingithu, Kathita: mito hii yote inatoka mlimani na maji yake yote humalizikia kwenye Mto Tana. Upande wa kushoto utaona mashamba ya chai, juu yake msitu, na juu ya msitu, asubuhi isiyo na mawingu, vilele vya mlima wenyewe. Upande wa kulia nchi inateremka hadi Mbeere na Tharaka, ambako jua ni kali na mvua ni ya kubahatisha.

Basi mtu akikaa dirishani katika njia hii hujikuta akilinganisha. Huku kuna maji, kule hakuna. Huku wamejaliwa chai, kule wanangoja mtama. Na akili ikianza kulinganisha haichelewi kusema "kama" na "laiti". Kama mvua ingegawanywa sawa. Laiti daraja lingekuwa pana. Kama wazee wangalijua.

Makala haya yanahusu maneno hayo madogo, na yanahusu pia lugha ambayo abiria wa Runyenjes hatarajii kuisikia ndani ya matatu: Kihispania.

Kijana mwenye daftari

Pale Runyenjes alipanda kijana mmoja, mwembamba, nadhifu, akaketi karibu nami. Hata kondakta alikuwa hajamaliza kuhesabu nauli, kijana alikuwa amekwisha kufungua daftari lililochakaa na kuanza kunong'ona kama mtu anayesali. Nilitega sikio. Haikuwa sala. "Tuviera, tuvieras, tuviera..." Akifika katikati anakwama, anarudi mwanzo.

Udadisi ni kazi yangu, kwa hivyo nilimuuliza. Akaniambia, "Ndugu mwandishi, mimi hutembeza watalii. Mwezi wa Agosti Wahispania huja, na anayewaelewa halali njaa." Alikuwa anakwenda kusailiwa katika kambi moja ya wageni karibu na Mbuga ya Taifa ya Meru, ile ambamo Joy Adamson na mumewe George walimfunza simba Elsa maisha ya porini, na ambamo simba huyo alizikwa mwaka wa 1961. Kitabu cha Joy, "Born Free", kilichotoka mwaka wa 1960, ndicho kilichopeleka jina la mbuga hiyo duniani.

"Kihispania cha kuonyesha simba ninacho," kijana akaendelea. "Kinachonitoa jasho ni hiki cha mambo ambayo hayapo." Akanipa daftari.

Ukurasa ulikuwa na kitenzi kimoja tu, "tener", yaani kuwa na kitu. Juu yake palikuwa na jina la umbo lenyewe kwa lugha ya wenyewe: "imperfecto de subjuntivo". Usiogope jina, msomaji. Ni umbo la kitenzi linalotumiwa kwa jambo ambalo msemaji analiwaza, analitamani au analiogopa, bila kusema kwamba lipo.

Kulitengeneza ni kazi ya hatua tatu. Kwanza tafuta jinsi Mhispania anavyosema "walikuwa na" kwa jambo lililotokea likamalizika: "tuvieron". Pili, kata "ron" ya mwisho, ibaki "tuvie". Tatu, bandika mikia sita: ra, ras, ra, ramos, rais, ran. Kijana alikuwa ameandika upande mmoja Kihispania na upande wa pili Kiswahili, hivi:

yo tuviera: ningekuwa na
tú tuvieras: ungekuwa na
él tuviera: angekuwa na
nosotros tuviéramos: tungekuwa na
vosotros tuvierais: mngekuwa na
ellos tuvieran: wangekuwa na

Tazama jambo la kupendeza. Kiswahili hubadilisha kichwa cha kitenzi na kuacha mkia ulivyo. Kihispania huacha kichwa na kubadilisha mkia. Kwa sababu hiyo sisi hatuna shida ya kujua ni nani anayesemwa, lakini Mhispania anaposema "tuviera" peke yake huwezi kujua kama ni mimi au ni yule, mpaka amtaje. Na ile "mngekuwa na", yaani "tuvierais", hutumiwa zaidi Uhispania kwenyewe. Ukikutana na mtu wa Mexico au Colombia, atawaambia nyote "ustedes tuvieran", kana kwamba anawasema wengine.

Kanuni hii ya kukata "ron" haina kitenzi kinachoikaidi. Ukijua "walijua" ni "supieron", basi unayo "supiera". Ukijua "walienda" ni "fueron", unayo "fuera". Ukijua "walisema" ni "dijeron", unayo "dijera". Kazi yote iko katika kukariri hilo neno la mwanzo. Kuna pia mikia ya pili, se badala ya ra, ili mtu aseme "tuviese". Maana ni ile ile, ila "ra" ndiyo inayosikika zaidi, hasa Marekani ya Kusini. Mikia yote miwili imetoka katika Kilatini cha Warumi, kila mmoja kwa njia yake. Mgeni akiujua mmoja vizuri na kuutambua wa pili anapousikia, hilo latosha.

Mtego wa pacha wawili

Kijana alikuwa amejifunza mikia sita, lakini alipojaribu kuunda sentensi alianguka pale pale kila mara. Alitaka kusema, "Ningekuwa na ng'ombe, ningeuza maziwa Embu." Akasema: "Si tendría una vaca, vendería la leche en Embu." Kisha akakunja uso, maana mwalimu wake wa Nairobi alikuwa amemkataza jambo hilo mara nyingi.

Kosa hili lina asili, nayo si uzembe. Kiswahili chetu hupenda pacha. Kila mwanafunzi wa sekondari ameambiwa kwamba nge huenda na nge, ngali huenda na ngali: "Angesoma angepita", "Angalisoma angalipita". Ukichanganya, ukasema "Angesoma angalipita", mwalimu atachora mstari mwekundu. Tumezoea sentensi yenye miguu miwili iliyovaa viatu vya namna moja. Isitoshe, Kiembu cha kijana huyu, sawa na Gikuyu jirani yake, kina kiungo chake -ngĩ- kinachofanya kazi hiyo hiyo katikati ya kitenzi. Tangu utotoni mdomo wake umezoea hivyo.

Mhispania huvaa kiatu tofauti katika kila mguu. Upande wa "si", yaani "kama", anaweka lile umbo la mikia ya ra. Upande wa matokeo anaweka umbo jingine, lenye "ría". Kwa hivyo sentensi sahihi ya kijana ni: "Si tuviera una vaca, vendería la leche en Embu." Kama "tuviera", basi "vendería". Sharti limevaa ra, matokeo yamevaa ría.

Kijana akafarijika kidogo nilipomwambia kwamba wako Wahispania wenyewe, katika pande za kaskazini kama Burgos na nchi ya Wabasque, ambao husema "si tendría" bila haya katika mazungumzo ya nyumbani. Waalimu wao huwasahihisha kama wetu wanavyotusahihisha. Lakini mtu anayetafuta kazi hana ruhusa ya makosa ya wenyeji.

Neno moja kutoka kwa Mwarabu mmoja

Tulipokuwa tunaiacha Runyenjes, upande wa kulia nchi ya Mbeere ilionekana imetandaza udongo wake mwekundu, Siakago na Kiritiri zikiwa mbali kwenye ukungu wa joto. Msomaji anayejua pande hizo anajua masikitiko yake. Chini kabisa, Mto Tana umezuiwa na mabwawa ya umeme, Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, na maji yamejaa hadi macho yanachoka kuyatazama. Lakini mkulima wa juu kidogo ya maji hayo hutegemea mbingu. Mvua za masika zikichelewa, mahindi hukauka yakiwa kimo cha goti.

Mkulima huyo husema, "Laiti mvua ingenyesha!" Mhispania mwenye shamba kavu naye husema, "¡Ojalá lloviera!" Tazama kitenzi: "walinyesha" katika hesabu yao ni "llovieron", ukikata na kubandika unapata "lloviera". Umbo ni lile lile.

Ila kinachostahili kusimuliwa watoto mezani ni hilo neno la mbele. "Ojalá" si neno la Kilatini. Ni la Kiarabu, lililoachwa Uhispania na Waislamu waliovuka bahari kuingia huko mwaka wa 711 na ambao utawala wao wa mwisho, Granada, ulianguka mwaka wa 1492. Maana yake ya asili ni "kama Mungu angependa". Na "laiti" yetu? Nayo ni ya Kiarabu, kutoka "layta", neno la kutamani jambo lililo gumu kupatikana. Basi mkulima wa Mbeere na mkulima wa Andalusia, ambao hawajapata kuonana, wote waliazima neno la kutamani kutoka nyumba moja.

Wala si hilo tu. Mhispania akisema "hasta", yaani mpaka, ametumia neno lile lile la Kiarabu tulilopata sisi "hata", kama katika "hata jioni". Anapoomba "azúcar" kwenye chai yake, anaomba sukari. Kijana wa daftari aliandika hayo haraka haraka pembeni mwa ukurasa. Nilimwambia mgeni atapenda kusikia kuliko idadi ya meno ya simba.

Kuna ngazi tatu za tamaa, na lugha zote mbili zinazo. "Ojalá llueva": Mungu akipenda itanyesha, nina tumaini. "Ojalá lloviera": laiti ingenyesha, ninatamani lakini mbingu ni nyeupe. "Ojalá hubiera llovido": laiti ingalinyesha, lakini haikunyesha, mahindi yamekwisha kukauka. Mtu akichanganya ngazi hizi, anayemsikiliza hawezi kujua kama bado kuna la kufanya.

Darajani Nithi

Hilo la mwisho lilinijia kwa nguvu baada ya kuupita mji wa Chuka. Kati ya Chuka na Chogoria barabara inashuka kwa ghafla, inapinda, na mbele yake liko daraja la Mto Nithi. Matatu nzima ilinyamaza. Hata redio dereva aliipunguza.

Jioni ya Julai 24 mwaka wa 2022 basi la abiria lililotoka Meru kwenda Mombasa liliacha njia mahali hapo likatumbukia bondeni. Watu zaidi ya 30 walikufa. Haikuwa ajali ya kwanza kwenye bonde hilo. Kwa miaka mingi jina la Nithi limekuwa jina la kuogopesha. Baada ya msiba huo wito ulitolewa tena kutoka pande zote kwamba mteremko upunguzwe, njia inyooshwe na daraja lijengwe upya.

Nyuma yangu alikaa nyanya mmoja na gunia lake la nduma. Tulipokuwa juu ya daraja alisema, polepole, bila kumwambia mtu yeyote: "Tungalikuwa na daraja jingine, wale watoto wangalifika."

Hakuna aliyejibu. Tukapanda upande wa pili. Baada ya muda kijana akafungua daftari lake, si kwa utovu wa heshima, bali kama mtu anayeshika kitu ili mikono isitetemeke. Aliandika: "Si tuviéramos otro puente." Akaitazama. Kisha akaikata akaandika: "Si hubiéramos tenido otro puente."

Hapo, msomaji, ndipo sarufi inapoacha kuwa ya darasani. Sentensi ya kwanza ni "tungekuwa na daraja jingine". Msemaji anasema hatuna, lakini mlango haujafungwa. Kesho tunaweza kulijenga. Sentensi ya pili ni "tungalikuwa na daraja jingine", na huo ni mlango uliofungwa kwa msumari. Kihispania huuunda kwa kuchukua kitenzi kisaidizi "haber", kukikata vile vile, "hubieron", "hubiera", na kukiambatanisha na "tenido". Kiswahili hufanya hivyo kwa herufi chache tu: nge ikawa ngali.

Siku hizi wengi wetu tunayatumia maumbo hayo mawili kama kitu kimoja. Kwenye matatu, kwenye redio, hata bungeni utasikia nge ikibeba mizigo yote, ya kesho na ya mwaka juzi. Wapo wanaosema ni jambo dogo, maadamu tunaelewana. Mimi naona nyanya yule alijua alichokisema. Kwa wale waliokufa alitumia ngali, kwa sababu hakuna awezaye kuwarudisha. Kama angetaka kumwambia waziri, nina hakika angetumia nge: "Mngejenga daraja, tungefika." Mtu akitaja lililopita kwa ngali anaomboleza, akitaja linalowezekana kwa nge anadai. Taifa likipoteza tofauti hiyo laweza kuanza kuombolezea mambo ambayo lingepaswa kuyadai.

Katika umbo hili la pili kuna nafuu kwa msemaji wa Kiswahili. Wahispania, ambao kwa jambo la sasa hawataki pacha, kwa jambo lililopita huwakubali. Wanaweza kusema "Si hubiéramos tenido otro puente, hubieran llegado", hubiera pande zote mbili, sawa kabisa na ngali na ngali. Kijana alipogundua hilo alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu darajani.

Kuvuka mstari

Baada ya Chogoria, ambako hospitali ya misheni ya Waskoti ilianzishwa na Daktari Clive Irvine mwaka wa 1922, barabara inazidi kupinda. Ukiupita mji wa Nkubu, kabla ya kuingia Meru mjini, unavuka ikweta. Magari hupita bila kusimama, lakini mgeni hupenda kupigwa picha hapo.

Ikweta nayo ina hadithi yake ya Kihispania. Nchi moja tu ya Afrika ina Kihispania kama lugha ya taifa zima na ya serikali, nayo ni Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka kwa Uhispania Oktoba 12 mwaka wa 1968. La kuchekesha ni kwamba licha ya jina lake, mstari wa ikweta haugusi ardhi ya nchi hiyo. Unapita baharini, kati ya bara lake na kisiwa chake cha Annobón. Meru, isiyo na jina hilo, ndiyo inayokanyagwa na mstari wenyewe.

Meru mjini tulipokewa na "Muuga!" ya salamu na kelele za soko la Gakoromone. Mwanamke mmoja mwenye ndizi zake tano za mwisho alikuwa akiita wateja kwa sauti ya kutikisa mabati. Kijana akaninong'oneza: "Grita como si tuviera cien clientes." Anapiga kelele kana kwamba ana wateja mia. Alikuwa amepatia. Baada ya "como si", yaani "kana kwamba", Mhispania hadai chochote ila umbo lile la ra. Sisi hutosheka na "ana". Neno "kana kwamba" limekwisha kufanya kazi ya kutilia shaka, kitenzi chetu hakina haja ya kurudia.

Kuna jambo jingine la Meru lililotusaidia. Pale Nchiru ndipo lilipo jumba la Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, ambalo tangu kale limekuwa likiamua kesi za ardhi na magomvi ya koo. Ukitaka kusema "Wazee wanataka tuwe na amani", Kihispania ni "Los ancianos quieren que tengamos paz". Ukirudisha jambo nyuma, "Wazee walitaka tuwe na amani", Mhispania hubadilisha vitenzi vyote viwili: "Los ancianos querían que tuviéramos paz". Lakini Kiswahili kimebadilisha kimoja tu. "Tuwe na" imebaki vile vile, jana na leo. Hapo ndipo Waswahili wengi wanaojifunza Kihispania hujikwaa kimya kimya, kwa sababu lugha yetu haikuwaambia kwamba kuna kitu cha kubadilisha. Kanuni ya kushika ni hii: matakwa yakiwa ya jana, kinachotakwa nacho huvaa ra.

Kwa mwanafunzi anayetaka mifano, historia ya Wameru imejaa sentensi za ngali. Masimulizi yao ya kale yanasema walikaa pwani, mahali palipoitwa Mbwaa, wakitawaliwa na watu wa Nguo Ntuni, yaani nguo nyekundu, waliowapa kazi zisizowezekana, kama kutengeneza kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Wakatoroka usiku, bahari ikapasuka wakapita. Wasingalitoroka, leo labda tungalikuwa tunawasikiliza wakisimulia hayo kwa Kiswahili cha visiwani.

Mwaka wa 1957, Waafrika walipopigia kura wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, Bernard Mate wa Meru alimshinda Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika baraza hilo mwaka wa 1944. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, na Mkikuyu, Membu au Mmeru hakuweza kupiga kura bila cheti cha utiifu kwa serikali. Wakikuyu wengi walikosa. Wangalikipata, je, Mathu angalishinda? Na huko Igembe, wakulima wa miraa bado husema mambo yangalikuwa mengine kama Uingereza isingalipiga marufuku miraa mwaka wa 2014. Jaribu, mwanafunzi, kuziandika sentensi hizo kwa nge, kisha uone jinsi zinavyogeuka kuwa uongo.

'Ningependa'

Kijana alikuwa na dakika chache kabla ya gari la Maua kujaa. Nilimuuliza kama anajua atakavyojitambulisha mbele ya mwajiri. Akasema, "Nitamwambia 'Quiero trabajar aquí', nataka kufanya kazi hapa."

Nilimwomba afikirie anavyomwambia mzee wa Kiembu. Je, humwendea mzee na kusema "nataka"? Akacheka. "Hapana, nitasema 'ningependa'." Basi na Mhispania ni vivyo hivyo. Kutoka "quisieron", walitaka, wanapata "quisiera". Ni umbo lile lile la mambo yasiyo na hakika, lakini hapa halina huzuni wala sharti. Linalainisha ombi. Msemaji anajifanya kana kwamba tamaa yake ni wazo tu, ili anayeombwa awe na nafasi ya kukataa bila kuaibika. Ni adabu ambayo wazazi wetu walitufundisha kwa nge, bila kutuambia kwamba ni sarufi.

Tuliagana stendi. Wiki mbili baadaye alinipigia simu. Hawakumpa kazi ya kudumu. Walimwambia arudi Julai, msimu wa wageni ukianza, akafanye kazi ya majaribio ya miezi miwili. Nilimuuliza usaili ulikwendaje. Akaniambia waliokuwa mezani walikuwa wawili, na swali gumu lilikuwa moja: ungefanya nini kama ungekuwa na wageni sita, na gari likwame matopeni wakati jua linatua?

"Nikavuta pumzi," alisema. "Nikaanza na 'si', nikakumbuka viatu viwili."

Jibu lake alinisomea kwenye simu, taratibu, neno kwa neno: "Si tuviera seis viajeros y el coche se quedara en el barro, llamaría primero al parque." Ningekuwa na wasafiri sita na gari likwame matopeni, kwanza ningewapigia simu watu wa mbuga.

Yule mhoji, alisema, hakusahihisha kitu. Aliuliza tu swali lililofuata.